Programu ipi ikupimie ujazo wa ardhi: QGIS, GRASS, ArcGIS Pro, Surfer au CloudCompare?

Niliwahi kuletewa majibu matatu ya ujazo wa lundo moja la kokoto. Waliolipima walikuwa watu watatu, wote wakitumia faili lile lile la mwinuko, kila mmoja na programu yake, na majibu yalipishana kiasi cha kuleta mvutano wa malipo. Nilifungua kazi zao nikitarajia kukuta programu mojawapo imekosea hesabu. Hakuna iliyokosea. Wa kwanza alihesabu kuanzia nukta ya chini kabisa ya lundo, wa pili alianzia kwenye wastani wa ukingo wake, wa tatu alitengeneza uso ulioinama kufuata mteremko wa kiwanja. Walipima vitu vitatu tofauti wakavipa jina moja.

Tangu siku hiyo huwa nawaza ujazo wa ardhi kama nafasi iliyo kati ya paa na sakafu. Faili la mwinuko ni rasta, yaani gridi ya miraba midogo (pikseli) yenye namba ya kimo kila mmoja, nalo linakupa paa tu, yaani uso wa ardhi ulivyo. Sakafu unaileta wewe: usawa fulani uliouchagua, uso wa zamani kabla ya kuchimba, au ardhi iliyofunikwa na lundo. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua kimo cha kila pikseli juu ya sakafu, zidisha kwa eneo la pikseli, jumlisha. Programu zinatengana pale zinapokuuliza, au zinapoacha kukuuliza, sakafu yako ni ipi. Ndiyo maana nazilinganisha kwa kuanzia hapo.

Kwanza data

SRTM, data ya mwinuko iliyopimwa kwa rada, ilikusanywa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, kwa siku 11, ikafunika nchi kavu kati ya latitudo 60 kaskazini na 56 kusini. Pikseli yake ni sekunde 1 ya nyuzi, karibu mita 30 kwenye ikweta. Copernicus DEM GLO-30 ina pikseli ya ukubwa huo huo, na imetokana na rada za satelaiti za TanDEM-X zilizopima kati ya 2011 na 2015. Zote ni bure, na zote zinagusa vilele vya miti na mapaa ya nyumba kabla ya kuufikia udongo.

Pikseli ya mita 30 kwa 30 ina mita za mraba 900. Lundo lenye kipenyo cha mita 40 lina mita za mraba 1,250 hivi. Litaangukia kwenye pikseli chache za kuhesabu kwa vidole, na hakuna programu itakayoliokoa. Kwa kazi ya ukubwa huo tafuta data ya droni, ya LiDAR (upimaji kwa mwanga wa leza), au pointi za GNSS (satelaiti za kupata mahali, kama GPS) zilizopimwa kwa RTK, yaani kwa marekebisho ya papo kwa papo. Data za satelaiti ni za milima, mabonde na mabwawa makubwa.

Jambo la pili ndilo linalowaumiza watu zaidi. Tuseme una hekta moja yenye pikseli 10,000 za mita 1. Ikiwa kila pikseli imekosea kwa sentimita 10, nyingine juu, nyingine chini, bila mpangilio, makosa hayo yanafutana na jumla inayumba kwa mita za ujazo 10 hivi. Lakini uso wote ukiwa umeinuliwa kwa sentimita 10 zile zile, umepoteza au umejiongezea mita za ujazo 1,000. Kosa la nasibu linasameheka, kosa la mwelekeo mmoja halisameheki. Na makosa ya mwelekeo mmoja huzaliwa kirahisi sana: SRTM inapima vimo kwa jioidi (uso unaokadiria usawa wa bahari) ya EGM96, Copernicus kwa EGM2008. Kipokezi cha GNSS kisichorekebishwa kinakupa kimo juu ya elipsoidi, umbo la dunia lililorahisishwa kihesabu, na hapo tofauti inaweza kufika makumi ya mita. Kwa hiyo kutoa uso wa SRTM kutoka uso wa Copernicus ili kujua "ardhi iliyopungua" ni jambo la kuogopa: vyombo tofauti, jioidi tofauti, na miti ambayo imeota au kukatwa katikati.

Vigezo nilivyotumia

Sakafu ndiyo kigezo cha kwanza: je, programu inakubali usawa mmoja tu, au pia uso mwingine, uso ulioinama, au usawa tofauti kwa kila eneo?

Cha pili ni ukingo. Hapa kuna jambo ambalo miongozo mingi hulipita kimya. Programu nyingine huiona namba ya mwinuko kama mali ya mraba mzima wa pikseli. Nyingine huiona kama nukta iliyo kwenye makutano ya mistari ya gridi, na eneo la hesabu linaanzia nukta ya kwanza hadi ya mwisho. Gridi ya namba 100 kwa 100 yenye hatua ya mita 10 ina mita za mraba 1,000,000 kwa hesabu ya kwanza, na 980,100 kwa ya pili. Asilimia 2 imepotea ukingoni, na hakuna aliyekosea.

Cha tatu ni vipimo vya mlalo. Faili lililoko kwenye latitudo na longitudo lina pikseli zilizopimwa kwa nyuzi, wakati vimo viko kwa mita. Kilima cha mita za ujazo milioni moja karibu na ikweta, kikihesabiwa kwenye faili la SRTM bila kubadilishwa, kitatoka na jibu kama 0.00008. Kosa hilo angalau linajionyesha lenyewe. La hatari zaidi ni Web Mercator, mfumo wa ramani za mtandaoni, ambao vipimo vyake vinaitwa mita lakini vinavimba kadiri unavyoiacha ikweta: kwenye latitudo 45 eneo linaongezeka mara mbili, kwenye 60 mara nne. Jibu linaonekana la kawaida kabisa. Kwa kazi isiyozidi kanda moja tumia UTM, mfumo wa mita unaoigawa dunia katika kanda. Katikati ya kanda mizani yake ni 0.9996, hivyo eneo linakosea kwa asilimia 0.08 tu.

Vigezo vilivyobaki ni vyepesi: urahisi wa kurudia kazi ile ile kesho, gharama, na kompyuta inayohitajika.

QGIS

*Sakafu.* Kifaa chake cha moja kwa moja kinaitwa Raster surface volume, kinapatikana kwenye sanduku la zana za uchakataji. Kinapokea namba moja ya usawa, basi. Kinakupa njia nne: hesabu vilivyo juu ya usawa tu, vilivyo chini tu, vya juu ukitoa vya chini, au vyote kwa kujumlisha. Chaguo hilo lisome kwa makini, maana njia ya tatu kwenye uwanja wenye mashimo na matuta inaweza kukupa jibu karibu na sifuri wakati udongo wa kuhamishwa ni mwingi.

Kwa sakafu isiyo tambarare unatengeneza mwenyewe. Weka pointi kuzunguka kitako cha lundo, ziunganishe kwa pembetatu (TIN) ili kupata uso unaopita chini yake, kisha toa uso huo kutoka uso wa juu kwa kikokotoo cha rasta. Tofauti hiyo ipeleke kwenye kifaa kile kile ukiweka usawa wa 0. Njia hiyo hiyo ndiyo ya kabla na baada: njia ya "juu tu" itakupa kilichoongezeka, ya "chini tu" kilichopungua. Ni hatua tatu nne badala ya moja, lakini kila hatua unaiona kwa macho, na mimi naihesabu hiyo kuwa faida.

*Ukingo.* Inahesabu pikseli nzima. Hakuna sehemu ya kuweka poligoni ndani ya kifaa. Lazima ukate rasta kwanza kwa mpaka wako. Pikseli za mpakani huingia nzima au hutoka nzima, kwa hiyo eneo jembamba na refu, kama mfereji, linahitaji pikseli ndogo zaidi kuliko eneo la duara lenye ukubwa ule ule.

*Vipimo.* Inazidisha ukubwa wa pikseli kama ulivyo kwenye faili, nyuzi zikiwa nyuzi. Badilisha mfumo kwanza.

*Kurudia na gharama.* Unaweza kuunganisha hatua zote kwenye modeli moja ya kuchora, au kuendesha mafaili mengi kwa mkupuo. Ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

*Inamfaa* mwanafunzi, mtafiti, mpimaji anayeanza, na yeyote ambaye tayari anatengenezea ramani zake humo.

GRASS GIS

Hii ni kongwe. Ilianzishwa na wahandisi wa jeshi la Marekani miaka ya 1980 mwanzoni, na bado inaendelezwa. Wengi huiogopa kwa sababu ya amri zake, lakini kwa suala la sakafu sijaona ya bure inayoifikia.

*Sakafu.* Amri ya r.plane inatengeneza uso ulioinama kwa pembe na mwelekeo unaoutaja. Kikokotoo chake, r.mapcalc, kinakuandikia uso wowote unaoweza kuuelezea kwa hesabu. Kisha kuna r.lake, ambayo nadhani peke yake inatosha kumfanya mtu wa mabwawa ajifunze GRASS. Unaipa nukta ya kuanzia na usawa wa maji. Inajaza maji kutoka nukta hiyo na kuishia pale ardhi inapoyazuia, kisha inatoa taarifa ya eneo na ujazo. Tofauti na kuuliza tu "pikseli zipi ziko chini ya usawa huu", r.lake haihesabu bonde la jirani lililo nyuma ya kilima, hata kama nalo liko chini. Maji hayaruki mlima, na hesabu yako nayo isiruke.

*Ukingo.* Pikseli nzima, kama QGIS. Amri ya r.volume inakupa ujazo wa kila kundi la pikseli peke yake, pamoja na kitovu chake, hivyo malundo 40 yanahesabiwa kwa amri moja. Ila kuna mtego mmoja lazima niutaje. GRASS inahesabu ndani ya kile inachokiita eneo la kazi, lenye mipaka na ukubwa wa pikseli wake. Eneo hilo likiwa limebaki na mpangilio wa kazi ya jana, data yako ya mita 1 inaweza kuhesabiwa kwa hatua ya mita 30 bila onyo la kutosha. Ianze kila kazi kwa g.region, ukiifunga kwenye rasta yako.

*Vipimo.* Kikokotoo kina kazi ya area(), inayotoa eneo halisi la kila pikseli kwa mita za mraba. Kwa hiyo unaweza kuhesabu ujazo wa safu nzima ya milima inayovuka kanda kadhaa za UTM bila kulazimisha kila kitu kwenye mfumo mmoja wa bapa.

*Kurudia na gharama.* Kila amri ni mstari wa maandishi. Uhifadhi, na kazi yako inarudiwa na mtu mwingine neno kwa neno. Ni bure. Amri zake nyingi zinaweza pia kuitwa kutoka ndani ya QGIS.

*Inamfaa* mtu wa maji, mtafiti wa maeneo mapana, na anayepaswa kueleza kila hatua aliyopitia.

ArcGIS Pro

*Sakafu.* Hapa sakafu zimegawanywa kwa vifaa. Surface Volume inachukua usawa mmoja na kukupa eneo la bapa, eneo la uso halisi wenye miinuko, na ujazo wa juu au wa chini ya usawa huo. Cut Fill inachukua rasta mbili, ya kabla na ya baada, na kukupa ramani ya mahali palipokatwa na palipojazwa. Ujazo ukiwa chanya maana yake udongo umeondolewa, ukiwa hasi umeongezwa. Alama hizo zinawachanganya watu wengi, kwa hiyo ziandike waziwazi kwenye ripoti. Polygon Volume ndiyo ninayoipenda: inasoma usawa wa kila poligoni kutoka kwenye safu ya jedwali lake. Vidimbwi mia moja, kila kimoja na usawa wake, vinajazwa ujazo wao ndani ya jedwali lile lile. Ila inadai uso wa pembetatu au wa pointi za LiDAR, haichukui rasta ya kawaida. Na kwa mabwawa kuna Storage Capacity, inayotoa jedwali la ujazo kwa kila usawa wa maji.

*Ukingo.* Kifaa cha Surface Volume kinapopewa rasta huchora mpaka wake kwa kuunganisha vitovu vya pikseli za nje. Cut Fill yenyewe inahesabu kwa pikseli nzima. Maana yake, vifaa viwili vya programu moja vinaweza kukupa majibu mawili kwa eneo dogo. Hilo likikutokea, anza kuchunguza ukingo.

*Vipimo.* Kuna sehemu ya kuweka kizidishio cha kimo, ya kufaa pale vimo vilipo kwa futi na mlalo kwa mita. Lakini kizidishio hicho hakitibu faili la nyuzi. Bado unatakiwa kubadilisha mfumo.

*Kurudia na gharama.* Modeli na lugha ya programu ya Python vipo, vimeandikiwa miongozo mizuri. Inalipiwa, vifaa hivi vinadai leseni za ziada za 3D Analyst au Spatial Analyst, na inaendeshwa kwenye Windows.

*Inamfaa* ofisi ambayo tayari ina leseni na data zake ziko humo, hasa yenye maeneo mengi ya kuhesabu kwa pamoja.

Surfer

Surfer ya Golden Software haijajengwa kuwa programu ya ramani kwa maana pana. Imejengwa kwa ajili ya nyuso, na inajulikana sana kwa wanajiolojia na watu wa machimbo.

*Sakafu.* Dirisha lake la ujazo linakuuliza waziwazi: uso wa juu ni upi, uso wa chini ni upi? Kila upande unaweza kuwa gridi au namba isiyobadilika. Linakulazimisha kufikiria paa na sakafu kwa uzito sawa. Kama ningekuwa namfundisha mtu kwa mara ya kwanza maana ya ujazo wa ardhi, ningemkalisha mbele ya dirisha hili.

Jibu linakuja kwa njia tatu za hesabu: kanuni ya trapeza, kanuni ya Simpson, na kanuni ya Simpson ya tatu ya nane. Zikikaribiana, gridi yako ni nzuri vya kutosha. Zikiachana sana, gridi ni pana mno kwa umbo la ardhi, punguza hatua. Hicho ni kipimo cha uaminifu kinachokuja bila kuombwa. Ripoti pia inatenganisha kilichokatwa, kilichojazwa na tofauti yao.

*Ukingo.* Namba ziko kwenye makutano ya gridi, kwa hiyo eneo linaishia nukta ya mwisho. Ukilinganisha na QGIS utakuta upungufu ule wa ukingoni. Mpaka wa ndani unawekwa kwa kufuta thamani zilizo nje ya poligoni.

*Kutoka pointi hadi uso.* Hapa ndipo ilipo nyumbani. Ukija na orodha ya pointi za mwinuko, una mbinu nyingi za kuzigeuza uso, Kriging (makadirio ya kitakwimu kutoka pointi za jirani) ikiwa ya kuanzia. Angalia tu kisije kikatokea kitu kinachotokea mara kwa mara: mbinu laini huviringisha kingo kali za machimbo, na kila ukingo ulioviringishwa ni udongo uliopotea au ulioongezwa kwenye karatasi.

*Vipimo, kurudia, gharama.* Weka mlalo na kimo kwa kipimo kimoja, la sivyo tumia kizidishio cha kimo. Inaweza kuendeshwa kwa maandishi ya kurudia. Inalipiwa.

*Inamfaa* mwanajiolojia, mtu wa machimbo, na yeyote anayeanza na pointi badala ya rasta iliyo tayari.

CloudCompare

Hii ni ya bure, ya mawingu ya pointi, yaani nukta nyingi sana, kila moja na mahali pake na kimo chake. Kama data yako ni ya droni au LiDAR, si lazima uigeuze kwanza kuwa ramani.

*Sakafu.* Kifaa cha 2.5D Volume kinachukua mawingu mawili, au wingu moja na usawa usiobadilika.

*Ukingo.* Unachagua mwenyewe hatua ya gridi. Muhimu zaidi, unaonyeshwa ni asilimia ngapi ya visanduku vilivyopata pointi pande zote mbili, na unaamua visanduku vitupu vifanywe nini: viachwe, au vijazwe kwa makadirio. Usiusome ujazo kabla ya kuisoma asilimia hiyo. Ikiwa robo ya visanduku ni vitupu na umeamuru vijazwe, robo ya eneo ulilohesabu ni makisio.

*Vipimo.* Inachukulia namba zote ziko kwa kipimo kimoja. Mfumo wa ramani ni juu yako.

*Inamfaa* anayepima malundo kwa droni kila wiki na anataka kuona kwa rangi mahali lundo lilipopungua. Haimfai anayetaka ramani ya kuweka kwenye ripoti. Kwa hilo atarudi QGIS.

Wahandisi wa barabara watauliza mbona Civil 3D haimo. Inahesabu ujazo kati ya nyuso mbili za pembetatu na inafanya hivyo vizuri, lakini ni programu ya usanifu. Kama tayari unachora barabara humo, hesabu humo humo.

Jaribio la dakika kumi

Kabla ya kuiamini yoyote kati ya hizi, tengeneza rasta ya pikseli 100 kwa 100, kila pikseli mita 1, zote zikiwa na kimo cha 5. Weka sakafu ya 0. Inayohesabu pikseli nzima lazima ikupe 50,000. Inayohesabu kwa makutano itakupa 49,005, yaani 99 mara 99 mara 5. Jibu tofauti na hayo mawili lina sababu, na ni heri kuitafuta sababu hiyo kwenye rasta ya mchezo kuliko kwenye kazi yenye mkataba.

Uchague ipi, kulingana na hali yako

Lundo limekaa kwenye kiwanja tambarare kilichosawazishwa, na una rasta ya droni: QGIS yenye usawa mmoja inatosha. Lundo likiwa kwenye mteremko, usitumie usawa mmoja kwenye programu yoyote ile. Tengeneza sakafu kutoka kwenye kitako chake, kwa QGIS au Surfer. Bora zaidi ni kupima kiwanja kabla lundo halijamwagwa, kwa sababu hapo CloudCompare au Surfer itakupa jibu lisilo na makisio yoyote ya sakafu.

Unapanga bwawa ambalo halijajengwa: GRASS kwa r.lake, au ArcGIS Pro kwa Storage Capacity kama leseni ipo, ili upate ujazo kwa kila usawa. Bwawa ambalo tayari lina maji ni habari nyingine. Rada ya satelaiti inaona uso wa maji, haioni tope la chini, na faili la mwinuko litakuonyesha ziwa kama sahani bapa. Hapo unahitaji boti na kipima kina cha mwangwi. Pointi zake ndizo sakafu yako, na Surfer itazipokea vizuri.

Kukata na kujaza kwa ajili ya jengo au barabara: programu yoyote inayokubali nyuso mbili inafaa, mradi nyuso zote mbili ziwe na jioidi moja, mfumo mmoja wa ramani, na gridi iliyopangana. Kumbuka pia kwamba programu inakupa ujazo wa udongo ukiwa ardhini. Ukichimbwa, udongo unavimba, kwa udongo wa kawaida mara nyingi kwa robo hivi, na idadi ya safari za lori inafuata ujazo uliovimba.

Kupima milima au visiwa vinavyovuka kanda nyingi: GRASS kwa area(). Mamia ya maeneo, kila moja na usawa wake: ArcGIS Pro, au GRASS kama bajeti haipo na subira ipo.

Na kama jibu lako litalipiwa pesa, fanya hesabu kwenye programu mbili zinazohesabu ukingo kwa njia tofauti, kwa mfano QGIS na Surfer. Kwenye ripoti, kabla ya namba ya ujazo, andika mistari minne: data ilitoka wapi na lini, mfumo wa ramani, jioidi ya vimo, na sakafu uliyotumia pamoja na namna ulivyoipata. Wale watu watatu wa kokoto wangeandika mstari huo wa nne tu, wangemaliza mazungumzo siku ile ile.